Bega Lililotangazwa Uwanjani

Joel alikuwa golini akivuta glovu zake ziingie vizuri vidoleni aliposikia bega lake likitangazwa kwenye spika.

"Na mlinda mlango wetu wa Majengo ni kijana wetu Joel," ilisema sauti ya Mzee Bartolomayo, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la ndoa. "Tunaomba tumkumbuke katika maombi yetu, Bwana amguse bega lake la kushoto, maana halipandi vizuri. Amina."

Uwanja mzima ukaitikia amina, kisha ukacheka mpaka vumbi likatimka. Wachezaji wa pande zote mbili walicheka. Refa alicheka huku filimbi iko mdomoni, ikatoa mlio, na mechi ikaanza kabla ya wakati wake.

Joel hakucheka. Aliangalia ng'ambo, mahali walipokaa vijana wa Hombolo, ambao walikuwa wamekwisha kushinda mchezo wao wa asubuhi na sasa walikuwa wakingoja kuona watakutana na nani fainali. Katikati yao alikuwepo Elieza, mshambuliaji wao mrefu. Naye hakucheka. Aliinamisha kichwa upande, akalitazama bega la Joel kama mtu anayepima mbuzi mnadani.

Siku hiyo Majengo walicheza na Mtumba, wakashinda matatu kwa mawili. Mabao yote mawili ya Mtumba yaliingia upande wa kushoto, juu, pale mkono wa Joel usipofika. Bao la kwanza lilipoingia, Mzee Bartolomayo alitangaza, "Familia ya Majengo inasikitika kutangaza bao la Mtumba, lililotokea ghafla. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote walioko Mpwapwa, Kondoa na popote pale walipo." Watu wakashika mbavu. Mpira uliporuka ukuta wa shule, alisema, "Mpira wetu umepotea. Ni mweupe wenye madoa meusi. Mara ya mwisho ulionekana ukielekea sokoni." Na mwisho wa mchezo alipompa kipaza sauti Khamisi, nahodha wa Majengo, Khamisi akasema kwa uso mkavu, "Kwanza namshukuru Mungu, pili mwalimu, tatu wapinzani wetu, maana bila wao yale mabao mawili tusingefungwa." Watu walirudi nyumbani wakiyarudia maneno hayo njia nzima.

Joel alirudi akifikiria jambo moja tu. Nani amesema habari ya bega?

Kwa Joel lile halikuwa jambo la kuchekea. Mwaka ule kinu cha serikali alichokuwa akifanya kazi kilikuwa kimeuzwa kwa mtu binafsi, na mwenye mali mpya aliwapunguza wafanyakazi mpaka wakabaki walinzi na paka. Tangu hapo Joel alikuwa akifyatua matofali ya watu huku akingoja rehema. Rehema ilielekea kuja kutoka Singida. Kiwanda kipya cha mafuta ya alizeti kilikuwa kinaunda timu, na kila aliyechukuliwa kucheza alipewa na kazi ya kudumu humo humo kiwandani. Bwana Rahimu, mfanyabiashara wa mitumba aliyetoa dume la ng'ombe liwe zawadi ya mashindano, alikuwa amemwambia Joel waziwazi, "Mtu wao anakuja kwenye fainali. Anatafuta kipa. Usiniaibishe." Kipa mwenye bega bovu nani angempandisha basi mpaka Singida?

Bega lenyewe aliliumiza mazoezini, alipoangukia ardhi kavu ya kiangazi. Hakumwambia mwalimu wala Khamisi. Aliyejua ni mkewe Priska peke yake, aliyekuwa akimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, mlango ukiwa umefungwa.

"Ulimwambia nani?" alimwuliza Priska jioni ile, kabla hata ya kuvua viatu.

"Habari ya nini?"

"Unajua habari ya nini. Uwanja mzima umeitikia amina."

Priska alikuwa akichambua mchicha. Alikunja midomo kuzuia kicheko, na Joel akaona. "Mimi sijamwambia mtu," akasema. "Ila kaa kwanza, Joel, nikueleze..."

"Unacheka nini?"

"Sicheki. Kaa."

Hakukaa. Mtu asiye na hatia hachelewi hivyo kujibu, alijiambia, akatoka nje, akaenda kusimama kwenye matofali yake ambayo hayakuhitaji kusimamiwa. Akaanza kuwahesabu watu moyoni, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na sababu.

Alianza na Msafiri, kipa wa akiba. Msafiri alikuwa na desturi ya kumsalimia mtu kwa kumpiga begani. Kabla ya siku ile Joel hakuwahi kujali ni bega lipi. Jumatatu mazoezini Msafiri alimpiga la kulia.

"Mbona la kulia?" Joel akauliza.

"Ulitaka lipi?"

"Zamani ulikuwa unapiga la kushoto."

Msafiri akamtazama. "Kaka, la kushoto si limetangazwa? Nikuongezee maumivu ya nini?" Yalikuwa maneno mazuri, na Joel akayachukia kwa uzuri wake. Mtu anayeingojea nafasi yako hukosi kumsikia akikuhurumia.

Kisha kulikuwa na Bwana Rahimu mwenyewe. Watu walisema ana shamba la zabibu kule Hombolo, karibu na bwawa. Mwenye shamba Hombolo anapenda nani ashinde?

Lakini kila alipozunguka, alirudi kwa Mzee Bartolomayo. Mwaka ule ulikuwa wa kampeni za vyama vingi, na mtu akionekana anakunywa chai na fulani, jioni alikuwa amekwisha kuhesabiwa upande fulani. Jumanne Khamisi alimjia Joel kwenye matofali na habari za namna hiyo hiyo.

"Mzee wako wa spika nimemwona," akasema. "Kapanda pikapu ya watu wa Hombolo. Kakaa mbele, na dereva. Spika zake nyuma."

"Walikuwa wanakwenda wapi?"

"Hombolo. Kwani pikapu ya Hombolo inakwenda wapi?" Khamisi akatema mate pembeni. "Kamati ya ufundi wamekaa. Wanasema yule mzee mdomo wake si wa kawaida. Kila anachokisema kinakuwa. Kasema bega, mabao yakaingia begani. Wanataka fainali asishike kipaza sauti, au apitie kwanza kwa mtaalamu asafishwe."

"Mimi ni mtu wa kanisa, Khamisi. Hayo ya wataalamu siyataki."

"Na yeye si mtu wa kanisa? Ndiyo maana hakuna anayemshuku."

Maneno hayo yalimwingia Joel kama mwiba. Mzee Bartolomayo alikuwa mzee wa kanisa lao. Alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya jioni ya watu wazima, na mpaka leo kila neno lililoandikwa alilisoma kama kitu kitakatifu, hata kama ni bei ya sabuni. Spika mbili za pembe na betri yake vilikuwa mali ya kanisa, naye ndiye mtunzaji wake. Alizipeleka kwenye ibada, na kwenye misiba, na hakuwahi kuzungumza na umati wa watu mahali pengine, mpaka Bwana Rahimu alipozihitaji uwanjani. Kwa hiyo uwanjani alisema anavyosema siku zote. Mchezaji akitolewa, alisema ndugu yetu amepumzishwa. Mapumziko yakifika, aliwaomba watu wasiondoke kabla ya baraka. Watu walicheka, naye hakuelewa wanachocheka, akawa anawangoja wanyamaze kwa upole.

Au alielewa, Joel akawaza. Labda upole ule ulikuwa ngozi tu. Ukitaka kumtangazia adui siri ya mtu mbele ya macho ya watu wote, njia gani ingekuwa salama kuliko kuifunga ndani ya sala? Watu wangeitikia amina na wasigundue.

Jumatano hakwenda ibada ya jioni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aoe. Priska alikwenda peke yake, akarudi, akampa chakula. Joel alikula akiutazama uso wake.

Alhamisi mchana akaenda nyumbani kwa Mzee Bartolomayo. Alimkuta uani akifuta mdomo wa spika kwa kitambaa, kama anayemfuta mtoto makamasi. Betri ilikuwa juani, juu ya jiwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa," akaongeza salamu ya Kigogo. "Karibu kigoda."

Joel alibaki wima. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa yalitoka bila mpango. "Mzee, Hombolo wamekupa nini?"

Mzee akafikiri kidogo. "Walinipa ugali na mlenda," akasema. "Nikala. Na maji ya kunawa yalikuwa ya moto."

"Siulizi chakula. Nauliza wamekupa nini kwa ajili ya bega langu."

"Bega lako hawakuliuliza. Palikuwa na mazishi, Joel. Walikosa spika, wakanifuata kwa gari. Ningekataa?" Akakiweka kitambaa chini. "Kwani bega limezidi?"

"Nani alikwambia kwamba nina bega bovu?"

Mzee Bartolomayo alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jina lake na mke wake. "Wewe," akasema.

"Mimi?"

"Wewe mwenyewe. Jumatano ya wiki iliyopita. Kanisani."

Joel akataka kukataa, akaanza kuikumbuka ibada ile. Kanisani kwao, siku ya Jumatano, ulifika wakati wa maombi ya pamoja, ambapo kila mtu alifumba macho na kuomba yake kwa sauti, wote kwa mara moja. Kelele ile ilikuwa kubwa kama mvua kwenye bati, na uzuri wake ulikuwa huo, kwamba unaweza kumwambia Mungu lolote katikati ya watu, na jirani yako asikusikie kwa sababu naye anapiga kelele zake. Kisha Mzee Bartolomayo hugonga kengele, na wote hunyamaza.

"Niligonga kengele," mzee akasema, "wote wakanyamaza. Wewe hukusikia. Ulikuwa mbali sana na Bwana wako. Nikagonga tena, polepole, nisikushtue. Ukaendelea. Ulisema bega lako la kushoto halipandi. Ukasema mpira wa juu upande ule huupati. Ukasema, Bwana, wafumbe macho, asijue mtu yeyote. Ulilisema hilo mara nyingi, mwanangu, na kwa sauti. Mpaka ulipomaliza, sisi wote tukaitikia amina."

Joel akakikumbuka kimya kile. Aliikumbuka amina ile nzito, ya watu wote pamoja, na jinsi alivyoona moyoni kwamba kanisa limejaa nguvu siku hiyo. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa tena.

"Watu wote walisikia?"

"Na waliokuwa dirishani."

"Na mzee ukaenda kulisema uwanjani."

"Sasa mwanangu, mtu akiwa na hitaji, si tunalisema ili wengi waombe? Pale kanisani tulikuwa wachache. Uwanjani kulikuwa na watu wengi." Kisha, kwa mara ya kwanza, Joel akaona wasiwasi unapita usoni mwake. "Nilikosea?"

"Niliomba asijue mtu, mzee."

"Hilo nililisikia," akasema Mzee Bartolomayo kwa unyonge. "Nikadhani unawasema wale wasioomba."

Mwisho Joel akamwomba jambo moja, kwamba Jumamosi asiliseme bega, wala mkono, wala kiungo chake chochote. Mzee akainua mkono wake wa kuume, akaahidi.

Nyumbani Joel alimkuta Priska mlangoni. "Ulinisikia siku ile?"

"Kanisa zima lilikusikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulipofumbua macho ulikuwa na amani usoni ambayo sijaiona tangu kinu kiuzwe. Nikasema nisiivuruge. Jumamosi nilitaka kukwambia, wewe ukakimbilia matofali."

Hapo Joel angepaswa kupumzika moyo. Lakini sasa hakuwa na mtu mmoja wa kumshuku, alikuwa na watu wote. Mama wa kwaya akimsalimia, aliona jicho lake likishuka begani. Muuza mafuta ya taa akimwuliza habari za kazi, alijiuliza kama huyu ana ndugu Hombolo. Ijumaa alimwomba Mungu kwa midomo tu, bila sauti, chini ya blanketi, na hata hivyo aliomba kwa maneno ya jumla.

Jumamosi uwanja ulijaa. Dume la ng'ombe lilifungwa kwenye mwarobaini nyuma ya goli, na karibu nalo, kwenye kiti cha Bwana Rahimu, alikaa mgeni wa Singida, mtu mnene mwenye kofia ya pama, jina lake Bwana Imrani. Mzee Bartolomayo akaanza kuwataja wachezaji, mmoja mmoja, na mahitaji yao. Khamisi anahitaji subira. Beki wa kulia anahitaji mchumba. Akafika kwa Joel, akanyamaza. Kimya kikawa kirefu mpaka watu wakageuka kutazama kama betri imekwisha.

"Mlinda mlango ni Joel," spika zikasema hatimaye. "Kwa habari zake mimi nimeahidi kutosema. Hana neno lolote, na kama analo, silitaji."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Joel alifumba macho. Alipoyafumbua, Elieza alikuwa amewakusanya wenzake katikati ya uwanja, wanazungumza vichwa vikiwa pamoja, na mmoja baada ya mwingine wanamtupia macho. Basi, akajiambia. Imekwisha.

Mpira wa kwanza wa Elieza ulikuja mkali, wa juu. Ulikuja kulia. Joel akaruka, akaupangua kwa mkono wake mzima. Wa pili ukaja kulia. Wakapata mpira wa adhabu karibu na boksi, na Joel akasogea kushoto kidogo, akijua watauweka wapi, halafu wao wakaupiga kulia, akalazimika kuruka kama paka kuufikia. Kona zao zote ziliilenga nguzo ya kulia. Kadiri walivyopiga kulia ndivyo hofu yake ilivyozidi. Wana jambo hawa, aliwaza. Wananivuta kulia, ili nikishazoea wanimalize kushoto. Alingoja ule mpira wa kushoto kipindi kizima cha kwanza, na nusu ya cha pili, mpaka shingo ikamkakamaa.

Ulikuja mara moja tu, na haukuwa wa mtu. Elieza alipiga kulia kama kawaida, mpira ukagonga mguu wa Khamisi, ukageuka, ukapanda juu kushoto. Joel alinyoosha mkono, bega likakataa katikati ya njia, mpira ukaingia. Maumivu yalimpigisha magoti.

"Familia ya Majengo inasikitika," Mzee Bartolomayo akaanza, kisha sauti yake ikabadilika. "Jamani, mwacheni kijana anyanyuke kwanza."

Lakini Majengo walikuwa wamekwisha kufunga mawili, na mchezo uliisha hivyo. Watu walimbeba Joel, naye akawaomba wasimbebe. Elieza akaja kumpa mkono. Hakuonekana mwenye hasira, alionekana mtu aliyegundua hila na akajivunia kuigundua.

"Mlitaka kutufanya wajinga, lakini tuliwajua," akasema. "Kipa gani duniani anaumwa bega, halafu mzee wake analitangaza kwenye spika mbele yetu? Na leo ati kaahidi kutosema. Niliwaambia wenzangu, hao wanataka tupige kushoto. Kushoto ndiko anakodaka. Tukapiga kulia."

Joel akamwachia mkono.

Alipogeuka akamtafuta mgeni wa Singida. Bwana Imrani alikuwa amemsimamia Mzee Bartolomayo pale kwenye spika, akimwuliza kitu, na mzee alikuwa amejifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Joel akaenda mbio.

"Nimemwuliza kama kipa ana tatizo," Bwana Imrani akasema. "Mara ya kwanza akaangalia mbinguni. Mara ya pili akaanza kuimba pambio. Sasa hivi unavyomwona."

Macho ya Mzee Bartolomayo yalikuwa yamejaa maji juu ya vidole vyake. Alikuwa akiitunza ahadi kwa nguvu zake zote. Na Joel, aliyekuwa amewashuku watu wote wa mji kwa wiki nzima, akaona kwamba mzee huyu hangeweza kuuza hata siri ya kuku.

"Ni bega la kushoto," Joel akasema. "Halipandi. Ndiyo sababu ya lile bao. Nimelificha kwa sababu nahitaji kazi."

Bwana Imrani akamwambia anyanyue mkono. Ulifika kwenye sikio, ukakomea hapo. Akamwambia anyanyue wa kulia, akautazama vilevile.

"Nilikuona ukipiga magoti," akasema. "Ningekusikia ukisema ulijikwaa, ningepanda basi na yule wa akiba." Akakuna shingo chini ya kofia. "Ghalani ninahitaji mtu mkweli zaidi ya golini. Njoo wiki ijayo, uanze na magunia mepesi, mkono wa kulia. Kiwanda kina daktari. Akikuponya, utadaka. Asipokuponya, utabaki ghalani. Hilo linakutosha?"

"Linanitosha, bwana."

Mzee Bartolomayo akaondoa viganja mdomoni, akavuta pumzi ndefu, akashika kipaza sauti. "Ndugu zangu, kuna tangazo," akaanza. Kisha akamwangalia Joel, akauliza huku kipaza sauti kikiwa bado wazi, uwanja mzima ukisikia, "Hili naruhusiwa?"

Jumatano, siku moja kabla ya safari, Joel na Priska walikwenda ibadani pamoja. Wakati wa maombi ya pamoja ulipofika, kanisa likavuma. Joel naye akaomba kwa sauti, akashukuru kwa ghala, akaomba daktari awe mtu mzuri. Lakini alikuwa amefumba jicho moja tu. Lingine lilikuwa limeikazia kengele. Na huko mbele, mkono juu ya kengele, Mzee Bartolomayo alikuwa akiomba hivyo hivyo, jicho moja wazi, akimwangalia yeye, akimngoja amalize.